Sifuri ya Britta

Mlio mwembamba, wa kukera masikio, ulisikika tangu ngazini. Inspekta Vang aliufuata hadi maabara ya ghorofa ya tatu. Friza ilikuwa wazi, inalia, maji yakichuruzika sakafuni. Kwenye rafu ya katikati palikuwa na pengo.

"Kimeibwa nini?"

"Kasha moja la damu," alisema Profesa Nystrom, mkuu wa maabara. "Damu ya mtu mwenye afya. Ndiyo tunayowekea sifuri sensa zetu, vile vifaa vya kupimia."

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu angenikatiza." Tabasamu lake halikudumu. "Tunatia chembe za sumaku kwenye tone la damu. Chembe zinashika dalili ya saratani, sensa inazihesabu. Lakini kwanza sensa ijue damu safi ikoje; hapo ndipo sifuri yake. Leo tungeipima upya damu hiyo. Jumatatu tunaanza na wagonjwa."

Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zote zilikuwa za wafanyakazi. Vang alirudi mlangoni, penye bakuli la mbao ambamo kila aingiaye huacha funguo, simu na saa, maana chuma huivuruga sensa. Ndani mlikuwa na saa moja.

"Ya nani hii?"

"Ya Wade, fundi wetu. Lakini leo hajafika kazini."

"Amefika," alisema Vang. "Mwizi mwenye adabu. Anakuja kuiba, anavua saa kwanza."

Walimkuta Wade Lundeen ndani ya gari lake nje ya hospitali, theluji imefunika kioo. Kasha alikuwa amelipakata.

"Mbona hukuimwaga damu hii?"

"Nilishindwa. Ni damu ya Britta."

"Britta nani?"

"Mke wangu. Fundi mwenzangu. Pale damu ya sifuri tunatoa wenyewe. Unakunja mkono wa shati, unatoa. Yeye alijitolea kila mara. 'Nina afya ya farasi,' alikuwa anatutambia."

"Endelea."

"Mwaka jana sensa ilionyesha dalili kwenye damu yake. Kila nilipopima. Nikasema sensa ina kasoro. Nikaweka sifuri hapo hapo, juu ya dalili, sensa ikaihesabu kuwa damu safi. Mwezi wa kumi madaktari wakamwambia ni saratani ya kongosho, imeshasambaa. Amelazwa humu."

"Kwa hiyo Jumatatu, mgonjwa mwenye dalili kama zake..."

"Angeambiwa ni mzima." Wade alifunika uso. "Nilijua, Inspekta. Lakini wangeipima leo, na Britta angesikia kwamba mashine ilimwona mapema, mimi nikainyamazisha."

Vang alimpigia Profesa simu: kazi ya Jumatatu isimame. Kisha akatoa pingu, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Twende juu. Utamwambia mwenyewe."

Britta alikuwa amekonda hadi shuka lilionekana zito kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye dari.

"Ilifanya kazi," alinong'ona. "Sensa yetu, Wade. Ilifanya kazi."

"Nisamehe, mpenzi."

"Hilo linataka muda. Sina." Akanyoosha kidole kwenye kasha. "Wape. Wampime mtu kwanza hospitalini, ndipo waiamini damu yake. Na waambie ilikuwa yangu."

Wade alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nitawaambia, Britta. Maabarani, na mahakamani mbele ya watu wote. Nitasema sensa ilisema kweli, mimi ndiye niliyekataa kusikia. Nakuahidi."