Beji Mfukoni mwa Bwana Rangi

Mama Dobi alikuwa na mdomo, na hilo yeye mwenyewe hakulikataa. Alifua huku akiongea, akasuuza huku akiongea, akaanika huku akiongea. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye alipiga pasi za mkaa, na pasi ya mkaa haitaki mtu anayegeukageuka. Binti yao alikuwa darasa la tatu. Watu walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wa mama aliurithi wote, asibakize kitu.

Walikaa kwenye nyumba ya kupanga yenye ua katikati. Uani ndiko mama alikofulia. Barazani ndiko baba alikopigia pasi.

Kazi ya dobi ina siri zake. Dobi ndiye anayejua nani analala peke yake, nani kakojolea kitanda ukubwani, nani kararuliwa shati na mkewe. Kabla ya kufua, lazima mifuko ipekuliwe. Kinachopatikana kinatiwa kwenye kopo, kisha kinarudishwa kwa mwenyewe pamoja na nguo zake, bila swali. Baba Dobi aliikazania sana sheria hiyo. Alisema mteja akijua unamsema, hata soksi hataleta tena.

Chumba cha mwisho uani alipanga mchoraji wa mabango ya maduka. Walimwita Bwana Rangi. Aliishi peke yake, alivaa fulana nyeusi siku zote, na siku ya ibada alishinda ndani akisoma. Hakuwa mtu wa kupiga soga. Chiriku tu ndiye aliyemuweza. Alikuwa akimwita mjomba, akimshikia kopo la rangi, na kumuuliza maswali mpaka brashi ikakauka.

Asubuhi moja Mama Dobi alipekua suruali ya Bwana Rangi, akakuta beji ndogo ya chuma. Ilichorwa nyota iliyopinduliwa, na ndani ya nyota kichwa cha mbuzi mwenye pembe. Picha kama ile aliwahi kuiona kwenye simu ya jirani, na jirani alimwambia hiyo ndiyo alama ya waabudu shetani.

Akaangalia beseni. Fulana nyeusi za Bwana Rangi zilikuwa zimeshalowekwa, na katikati yake, kwenye povu lilelile, ilikuwamo sare ya shule ya Chiriku.

Akaichomoa haraka, akaisuuza mara nyingi kwa maji mapya, akaianika mbali na nguo nyingine. Kesho yake Chiriku aliivaa. Siku hiyohiyo, kabla ya saa za kutoka shule, aliletwa nyumbani amebebwa. Alikuwa ameanguka darasani, akatetemeka mwili mzima, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni.

Kwa Mama Dobi jibu lilikuwa wazi. Alimwambia mumewe kwamba nguo zimechanganyika, na kilichokuwa kwenye zile nyeusi kimehamia kwa mtoto. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudishe beji kwenye kopo, na mtoto apelekwe zahanati.

Alirudisha beji. Zahanati hakwenda. Na mdomo hakuufunga.

Alianza na jirani wa chumba cha pili. Halafu, akipeleka nguo za watu, alilisema jambo hilo tena mlango huu, akalisema mlango ule. Alisema kwa uchungu wa mama, wala hakudhani kwamba anamtendea mtu ubaya. Lakini maneno yakishatoka hayakai kama yalivyotoka. Wiki haikwisha, beji imekuwa fuvu. Fuvu likawa damu kwenye chupa. Mwisho ikasemwa kwamba zile rangi nyekundu za mabango si rangi. Watu wazima, wenye akili zao, walisimama dukani wakayameza hayo bila hata maji.

Alipoanguka mara ya pili, Chiriku alikuwa barazani. Baba yake alikwenda kutafuta mkaa, na pasi alikuwa ameiacha chini, imewaka. Mama alikuwa bombani. Bwana Rangi ndiye aliyeona. Alikimbia, akaisukuma pasi kwa mguu, akavua fulana yake akaikunja, akamwekea mtoto chini ya kichwa. Akamlaza ubavu. Kisha akapiga magoti pembeni yake, ametulia, akingoja.

Mama Dobi aliingia na ndoo, akamwona mtu yule, kifua wazi, amempigia magoti mwanawe anayetetemeka. Ndoo ikamponyoka. Alipiga kelele kwamba anamuua mtoto wake.

Watu walifika mara moja, maana walikuwa wameshaandaliwa na maneno. Walimpiga kwa mikono, kwa mateke, kwa viatu. Mmoja alikuwa na ubao. Bwana Rangi hakurudisha pigo hata moja. Alikuwa akisema jambo moja tu, akilirudiarudia:

"Mwacheni alale ubavu. Msimtie kitu mdomoni."

Wakasema hiyo ndiyo dua yake. Ubao ukamshukia mkono wa kulia, mfupa ukalia.

Polisi walimtoa akiwa hai, kwa bahati tu. Hakurudi. Brashi zake, vitabu vyake na makopo ya rangi vilichomwa uani, moshi mweusi ukapaka mashuka yaliyokuwa yameanikwa. Baba Dobi aliporudi na mkaa aliukuta moto, akasimama anautazama. Jioni hakula. Mama Dobi yeye alilala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni. Aliamini mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Chiriku alianguka tena, barazani palepale. Safari hii walikuwapo watu wengi wa kusaidia. Wawili walimkandamiza mikono, mmoja akamkalia miguu. Jirani wa chumba cha pili alimtia kijiko mdomoni asijing'ate, akakisukuma kwa nguvu. Jino la mbele likavunjika. Katika purukushani hiyo hakuna aliyekumbuka pasi. Ilipinduka, na makaa yakamwagikia mkono wa mtoto.

Ule mkono ndio uliowapeleka zahanati.

Muuguzi alisafisha kidonda kwanza. Alikuwa mtu mzima, na mikono yake ilikuwa myepesi. Halafu akauliza mtoto ameungua vipi. Mama Dobi alimweleza yote, mpaka habari ya nguo kuchanganyika kwenye beseni. Muuguzi hakucheka wala hakukemea.

"Mama, huu unaonekana ni ugonjwa wa kifafa," alisema. "Ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizwi kwa nguo, wala kwa mate, wala kwa beseni moja. Daktari atampima, na tukithibitisha, ataanzishiwa dawa. Wengi wakizimeza kila siku, kuanguka kunapungua au kunakoma kabisa. Ila msiziache kwa sababu mmeona amepona."

Mama Dobi aliuliza wafanye nini akianguka tena kabla dawa haijafanya kazi.

"Ondoeni kila kitu kinachoweza kumuumiza. Moto, kisu, meza. Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa. Mlazeni ubavu, ili mate yatoke asipaliwe. Msimkandamize. Msimtie kitu mdomoni, iwe kijiko, iwe kidole. Kaeni naye mkingoja aamke. Akizidi dakika tano hajatulia, mleteni mbio."

Mama Dobi alikuwa amesimama. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alimwona tena Bwana Rangi barazani, pasi imesukumwa kando, fulana imekunjwa, mtoto amelala ubavu. Hakuna hata moja alilokosea. Alilia pale zahanati mpaka muuguzi akafunga mlango ili watu wa nje wasimtazame.

Chiriku alianza dawa. Mama Dobi naye, ajabu, akawa kimya. Alifua bila kuongea, na mumewe aliyekuwa akimtania kwa kelele zake sasa alizitamani.

Alikuwapo mteja mmoja, mwalimu wa dini katika shule ya sekondari, mwanamke mcha Mungu ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Alipokuja kuchukua nguo zake, Mama Dobi alimwomba akae kidogo. Alikwenda ndani, akatoa kopo. Beji ilikuwa bado imo humo.

"Mwalimu, nieleze ukweli," alisema. "Hawa watu wa hii alama ni kina nani? Na hiyo nayo ni dini?"

Mwalimu aliigeuzageuza beji, akairudisha kwenye kopo taratibu.

"Wapo wanaojiita hivyo, na hawako namna moja. Wengi wao hawaamini hata kwamba shetani yupo. Kwao ni alama tu ya mtu anayekataa kutawaliwa mawazo. Wengine wanafundisha kwamba mtu ajitegemee na ajipende kwanza. Wengine wanafundisha huruma na haki. Wachache ndio wanaomwamini na kumwomba kweli."

"Basi ni dini?"

"Inategemea unamuuliza nani. Mimi ukiniuliza kwa imani yangu, nitakwambia wamepotea, na sitabadilika. Ukiiuliza sheria, kuna nchi ambayo serikali yake imekitambua kikundi chao kama inavyolitambua kanisa lolote. Nchi nyingine haziwatambui. Ila sheria ya haki haimuulizi mtu anaamini nini, inamuuliza amefanya nini."

"Na watoto? Damu?"

Mwalimu aliliweka kopo chini. Alisema miaka ya nyuma, katika nchi kadhaa, watu walishikwa na hofu kwamba kuna makundi ya siri yanayochinja watoto kwa ajili ya shetani. Wachunguzi walitafuta sana. Hayo makundi hawakuyapata. Walichopata ni watu wasio na hatia waliofungwa miaka mingi, wengine walezi wa watoto wadogo, kwa sababu ya uvumi na maneno ambayo watoto walilishwa. Akasema wahalifu waliojipachika jina la shetani wamewahi kuwapo, kama walivyokuwapo waliojipachika jina la Mungu, na kila mmoja ashitakiwe kwa alilolitenda.

"Lakini tuseme Bwana Rangi alikuwa mmoja wao kweli," Mama Dobi alisema.

"Tuseme alikuwa. Ndiyo angestahili kuvunjwa mkono?"

Mama Dobi aliinamisha kichwa, na machozi yakadondokea kwenye zile nguo safi za Mwalimu. Mwalimu akazichukua hivyohivyo.

Tangu siku hiyo, kila alikopeleka nguo, Mama Dobi alikaa kitako akasema upya. Alisema mtoto wake ana kifafa. Alisema yeye ndiye aliyeanzisha uvumi, na ulikuwa uongo. Ilikuwa kazi nzito kuliko ile ya kwanza. Uongo wake ulipokewa kwa kiti na maji ya kunywa, lakini ukweli wake aliusemea mlangoni, na wapo waliomfungia. Wateja wengine walimhama. Hata hivyo mama mmoja alimfuata nje, akamnong'oneza kwamba naye anaye mtoto anayeanguka, amemficha chumba cha ndani tangu mwaka jana. Walikwenda zahanati pamoja.

Kumtafuta Bwana Rangi kulichukua muda. Walimpata mtaa wa mbali, kwenye duka la kuuza vifaa vya shule, akipanga daftari kwenye rafu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umeunga vibaya. Vidole viwili havikunjiki. Mama Dobi alivitazama, akapiga magoti pale dukani, mbele ya wateja.

Bwana Rangi alimwambia ainuke. Mama Dobi akamwomba msamaha, akamwomba arudi, akasema kodi ya chumba wataisimamia wao. Bwana Rangi alitikisa kichwa.

"Sitarudi, mama. Nikisikia watu wengi wakikimbia, hata kama wanakimbia mvua, natetemeka mpaka leo." Alirudisha daftari moja kwenye rafu. "Na msamaha usiniharakishie. Sijaufikia."

Mama Dobi alisema ameelewa. Akatoa beji kwenye kitambaa, akaiweka juu ya meza. Bwana Rangi aliipokea, akaitia mfukoni.

Kisha akamtazama Chiriku, aliyekuwa amejificha nyuma ya gauni la mama yake. Alimuuliza kama anakunywa dawa. Chiriku akasema anakunywa kila siku, na muhula mzima hajaanguka hata mara moja, na amekuwa wa nne darasani, na jino jipya halitaota kwa sababu lile lilikuwa la ukubwani. Bwana Rangi alisikiliza yote hayo mpaka mwisho. Halafu akageukia rafu, akaegemea mbao zake, mabega yakimtikisika. Hakugeuka tena. Mama Dobi akamshika mwanawe mkono, wakatoka polepole.

Walikwenda mwendo mrefu bila kusema kitu. Chiriku ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Mama, kwani mjomba ni dini gani?"

"Sijui, mwanangu," Mama Dobi alisema. "Sikumuuliza."