Seva ya Murangi Inajibu

Jina la mwisho kwenye skrini lilikuwa la mtu aliyezama.

Keraryo, dereva wa bodaboda, ndiye aliyeliona. Akikosa abiria alikuwa akija kwenye chumba cha michezo ya kompyuta cha Lilian pale mtaa wa Kitaji, kucheza ule mchezo wa zamani wa risasi ambao hata kampuni iliyoutengeneza ilishausahau.

"Shemeji, si Rafaeli alizama? Mbona seva yake iko hewani?"

Lilian aliacha kupanga soda. Seva, yaani kompyuta zilizoubeba mchezo huo, zilikuwa tatu: ya Bunda, ya Butiama, na MURANGI YA RAFA. Hiyo ya tatu ilikuwa kompyuta ndogo ya Rafaeli mwenyewe. Ilikuwa kwenye begi mgongoni mwake siku mtumbwi ulipopigwa na wimbi ziwani. Mwili haukuonekana, wala begi.

"Labda jina limebaki tu."

"Halibakigi. Seva isipotuma ishara kwamba ipo, orodha inaifuta yenyewe. Na hii inajibu." Keraryo alionyesha namba pembeni ya jina. Kila mchezaji alipobonyeza kitufe cha kuonyesha orodha upya, mashine iliita seva zote kwa zamu, na namba ilikuwa muda ambao jibu lilichukua kurudi. Namba ndogo, seva iko karibu. Ya Rafaeli ilisoma mia tisa. "Yuko mbali, ila yupo. Aisee, marehemu ana mtandao kuliko sisi."

Alicheka peke yake. Silasi, mume wa Lilian, alitoka chumba cha nyuma. Yeye na Rafaeli ndio walioanzisha biashara hiyo, na ndio wawili waliokuwa mtumbwini. Alitazama skrini, kisha akachomoa waya ukutani bila kuzima mashine.

Kesho yake namba ilikuwa mia nne. Jumapili, watu wakiwa kanisani, sitini. Silasi alikata intaneti. Bunda ikapotea, Butiama ikapotea, MURANGI YA RAFA ikabaki, inajibu. Chumba kilianza kunuka matope na magugumaji yaliyooza. Wateja walisema vitufe vina majimaji. Silasi aliacha kuoga, akaacha hata kunywa maji, midomo ikampasuka.

Lilian alizaliwa pwani ya ziwa, kwa hiyo alielewa. Kwao, mtu akizama asipatikane, haitwi jina mpaka ndugu zake wazike mgomba badala yake. Akiitwa kabla ya hapo anaitika, na akiitika anakuja. Mashine zao zilikuwa zimemwita mchana kutwa, kwa kidole cha kila mteja.

"Anakufuata kwa nini?" alimuuliza mumewe.

"Alishika ukingo," Silasi alinong'ona. "Mtumbwi ulikuwa unalalia upande. Nikampiga vidole kwa kafi."

"Akaachia?"

"Mara ya kwanza hakuachia."

Lilian hakulia. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na mume mmoja tu. Alipanda gari hadi Murangi kwa Marcelina, mama yake Rafaeli, akampigia magoti kati ya dagaa zilizoanikwa na kumweleza yote, mpaka kafi.

"Nisamehe, mama. Zika mgomba leo, mtoto apumzike."

Marcelina aliendelea kugeuza dagaa. "Nilikuwa nangoja mwili," alisema. "Mgomba nitazika. Nipeleke kwanza nilione jina lake."

Walifika Kitaji jua likiwa bado kali. Silasi alikuwa amejifungia chumba cha nyuma. Marcelina alikaa mbele ya mashine, akakunja kitenge magotini.

"Kitufe cha kumwita ni kipi?"

Lilian alidhani anataka kumuaga mwanawe. Akamwonyesha.

Marcelina akabonyeza. Thelathini. Akabonyeza tena. Kumi na mbili.

"Mama, basi. Inatosha."

"Wewe ulimpa mumeo nafasi ya kusema. Wangu hakupewa." Akabonyeza. Nne. "Rafaeli," akaita sasa kwa mdomo, taratibu, kama anayemwita mtu mezani. "Rafaeli baba, yupo hapa, chumba cha nyuma."

Lilian alichomoa waya, lakini skrini haikuzimika, na harufu ya matope ikapanda mpaka kooni, na chini ya mlango wa chumba cha nyuma, ambako hakukuwa na bomba wala ndoo, maji ya kijani yakaanza kutambaa kwenye sakafu, na ndani Silasi akaita, "Lilian, fungua, Lilian, amenishika vidole," naye akauvuta ule mlango kwa mikono miwili, akaupiga bega, akaupiga tena, huku nyuma yake kitufe kikibonyezwa bila haraka, tap, tap, tap, mpaka sauti ya mumewe ikawa ya mtu anayeongea maji yakiwa mdomoni, kisha ikawa maji tu.

Mlango ukafunguka wenyewe. Silasi alikuwa amelala kifudifudi, amelowa kuanzia nywele hadi soksi, vidole vyote kumi vimevunjika.

Marcelina alisimama, akafunga kitenge vizuri. Alipita pembeni ya Lilian aliyekuwa amekaa kwenye maji, akamgusa bega.

"Angalau wewe wako umempata," alisema. "Mwoshe."