Baridi Kwanza

"Shige, umeanza na maji gani?"

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye mbao za bafu, ndoo mkononi. Nobue alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, akingoja nimmwagie maji.

"Nayapoza. Haya ya chemchemi yanaunguza."

"Sikuulizi unafanya nini. Nauliza umeanza na yapi."

Nikaitazama ndoo. Nilikuwa nimefungua bomba la baridi kwanza, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono, kisha nikachota ya moto na kuyamimina juu yake.

"Ya baridi," nikasema.

"Ukatia ya moto juu."

"Nikatia ya moto juu."

Akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Hayo ni maji ya kuoshea maiti, wewe mwanamume. Umezika wazazi wawili, bado hujui? Aliye hai unaanza na ya moto, unampozea. Baridi kwanza ni ya aliyekufa."

"Najua. Mkono umeteleza tu."

"Bado, Shige," akasema, safari hii bila kucheka. "Bado."

Nikaimwaga ndoo yote, nikaisuuza, nikaanza upya na maji ya moto. Nikatia ya baridi kidogo kidogo huku nikijaribu kwa kiwiko.

"Hapo sasa," akasema yalipomgusa mgongo.

Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na moja, tangu tuachane. Siku nne kabla ya hapo simu yangu ililia nikiwa karakanani, nashona ukingo wa mkeka wa tatami, kazi niliyoifanya tangu nimalize shule. Ujumbe ulisema:

"Nimepanga chumba kwa Mama Hisano, kile chenye bafu lake peke yake. Jumamosi. Njoo ukitaka. Usilete maua."

Nikamjibu: "Kwa nini chenye bafu lake?"

"Utaona."

Niliona. Titi la kushoto halikuwapo, na mahali pake palikuwa na mshono kama wa mkeka uliotengenezwa haraka. Ugonjwa ulikuwa umeshahamia kwenye ini. Madaktari walimwambia huenda maua ya mcheri ya Aprili yasimkute.

"Tangu wanikate nimeingia bafu la watu mara moja tu," akaniambia tulipozama kwenye maji meupe kama yaliyooshewa mchele. "Wanawake walinitazama, halafu wakajifanya wanatazama theluji."

"Waache watazame."

"Wewe ndiye fundi wa kutazama wanawake. Si mimi."

Nje, theluji ilidondoka kutoka kwenye tawi la mwerezi, ikatua bila kishindo. Mlangoni nilikuwa nimegeuza kibao upande ulioandikwa "Kuna watu", kwa hiyo hapakuwa na wa kuja kuniokoa.

"Hujawahi kuniuliza nilijuaje," akasema.

"Nilidhani Tokiko alituona kituoni."

"Dada yangu? Angekuona angekutwanga na mwavuli palepale kituoni." Akajipangusa uso. "Uliniambia mwenyewe. Ulinitumia ujumbe. 'Andaa maji ya kuoga, nafika saa kumi na mbili.'"

Sikukumbuka. Kisha nikakumbuka, na yale maji yote ya moto hayakunisaidia kitu.

"Asubuhi yake ulikuwa umeniaga kwamba unalala Morioka kwa kazi," akaendelea. "Nilipoupata nikafurahi. Nikasema mume wangu amewahi kumaliza. Nikajaza maji. Yakapoa, nikayapasha. Nimeyapasha mara tatu, Shige. Ya nne ndipo nikausoma ujumbe tena mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa umeandika jina."

"Nobue."

"Hapana. Silo."

Nikachota maji kwa viganja, nikammwagia begani.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nimekwambia tu ili uache kumlaumu Tokiko."

Tulirudi chumbani jua likiwa bado liko juu ya mlima. Nilimfunga kiunoni mkanda wa yukata, lile vazi jepesi la baada ya kuoga. Ulizunguka mara tatu, na zamani ulikuwa ukizunguka mara mbili. Mama Hisano, mwenye ile nyumba ya wageni, akaingia na chungu cha kuku na vijiti vya wali wa kuchoma, akapiga magoti na kutupakulia.

"Mzee, mkeo hali," akaniambia. "Mbembeleze."

"Si mume wangu huyu, mama," Nobue akasema. "Ni fundi wa mikeka. Alipoingia humu alikagua sakafu kwa kisigino kabla hajaniamkia."

"Basi akimaliza kula anitengenezee ule wa barazani. Umeota shimo."

"Utamlipa?"

"Nitamlipa kachumbari."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Nobue alikula vijiko viwili vya mchuzi na kipande cha uyoga. Mama Hisano alipotoka, nikaifungua bahasha niliyokuja nayo. Nikaiweka karatasi mezani na kuigeuza imwelekee.

Ilikuwa fomu ya ndoa. Upande wangu ulikuwa umejazwa na kugongwa muhuri wa jina langu. Kaka yangu na jirani yetu walikuwa wameshatia saini.

"Umekuja na mashahidi kama polisi," akasema.

"Umebaki upande wako tu."

"Muhuri wangu nimeuacha nyumbani."

"Umesahau?"

"Nimeuacha, Shige. Nakujua."

Akaisoma polepole, neno kwa neno, kama asomaye barua ya mtoto aliye mbali.

"Mwandiko wako umetengemaa," akasema. "Unaitakia nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno ndani ya gari moshi, mengi na mazuri. Likatoka moja tu.

"Kaburi. Nataka uingie kwenye kaburi la ukoo wetu, na siku yangu ikifika niwekwe kando yako. Bila karatasi hii watakupeleka kwenye kaburi la wazazi wako, nami nitakuwa mgeni tu mlangoni."

Aliikunja karatasi palepale nilipoikunja mimi, akairudisha kwenye bahasha.

"Ungekuja nayo miaka kumi iliyopita, ningeigonga muhuri mlangoni kabla hujavua viatu."

"Niligonga mlango wako. Tokiko akanifukuza."

"Mara moja. Ukaenda zako." Akaisukuma bahasha upande wangu. "Miaka kumi na moja nimejizoeza kulala peke yangu. Ilikuwa kazi, lakini nimeiweza. Kaburini pia nitaweza. Usinianzishie mazoea mapya sasa hivi, sina muda wa kuyazoea."

"Sasa umeniitia nini?"

"Nilitaka mtu wa kunimwagia maji mgongoni ambaye hatatazama theluji."

Nikainamisha kichwa. Alinyoosha mkono akaniondolea punje ya wali kwenye kola, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa mtu na mkewe.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Siku ile, unioshe wewe. Nitamwachia Tokiko neno. Atakasirika, lakini atakuita."

"Nobue, kuna hospitali nyingine Sendai."

"Nakuomba jambo moja, wewe unanipa la pili. Utaniosha au hutaniosha?"

"Nitakuosha."

"Na usije ukakosea. Siku ile ndiyo baridi kwanza."

Asubuhi nilishona shimo la mkeka wa barazani wakati yeye amesimama na Mama Hisano, wakinisimanga kwamba uzi umepinda. Haukupinda. Kwenye kituo cha basi aliinama kuniaga kama mtu anavyoagana na fundi, kisha akasema, "Vaa kofia, masikio mekundu." Sikumwona tena akiwa hai.

Simu ililia mwanzoni mwa Machi.

"Bwana Kuramoto?"

Tokiko. Tangu tuachane alikuwa akiniita kwa jina la ukoo, kama karani wa manispaa.

"Ndiyo."

"Ameondoka asubuhi hii. Ameacha neno umwoshe wewe. Mimi sikutaka, uelewe hivyo."

"Naelewa."

"Panda gari moshi la kwanza. Na usilete maua. Na hilo pia ni neno lake."

Mifupa iliyobaki baada ya kumchoma imo kwenye kaburi la wazazi wake, kama alivyotaka. Nikienda namwombea nikiwa nje ya ukingo, pale wanaposimama majirani. Fomu iko kwenye droo ya nyuzi. Mashahidi wamo, mimi nimo, upande wa pili ni mweupe. Hayo nimeyazoea. Ninayoyaandika hapa nisije nikayasahau ni ya ile ndoo.

Walikuwa wamemlaza kwenye chumba cha ndani, kichwa kaskazini, kama walazwavyo wafu. Pembeni waliweka ndoo tupu, birika la maji ya moto na jagi la maji ya baridi. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimejiambia njia nzima, baridi kwanza, baridi kwanza. Lakini nilipouona mgongo wake walipomgeuza, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye birika. Nikamimina ya moto, nikashika jagi, nikaanza kupoza kidogo kidogo.

"Shemeji," Tokiko akasema.

Nikageuka. Hakuwa ameniita hivyo kwa miaka kumi na moja, na sidhani kama alijisikia.

"Shemeji, umekosea. Baridi kwanza."

Nikaimwaga ndoo. Nikaisuuza. Nikatia ya baridi, kisha nikamimina ya moto juu yake, kama inavyotakiwa. Nikajaribu kwa kiwiko. Yalikuwa na joto lilelile alilolipenda.

Nililowesha taulo, nikalikamua, nikalishika juu ya bega lake bila kuligusa. Nilikaa hivyo kwa muda mrefu, na Tokiko hakuniharakisha.

Nilikuwa nasubiri Nobue aseme bado.