Mkono wa Mwalimu Gesare

Harufu ilianza saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mji wa Kisii: vumbi la mawe laini ya vinyago ya kijiji cha Tabaka, yaliyotoka kuchongwa sasa hivi. Mwalimu Damaris, ofisini kwake chuoni, alipangusa kompyuta yake. Vumbi jeupe likarudi.

Gesare, mke wa mchongaji, alifundisha chuoni miaka kumi na moja akiwa na vumbi hilo vidoleni. Wanafunzi walimpenda hadi ikaudhi. Alipofariki, Damaris alipewa madarasa yake kwa majaribio, na kila fomu ya maoni ikasema lilelile: tuleteeni mtu kama Mwalimu Gesare. Wivu ukamkaba. Kumwonea marehemu wivu, jamani!

Chuo kilikuwa na programu ya akili unde ya kusahihishia. Ukiionyesha karatasi thelathini ulizosahihisha, inaiga mkono wako. Damaris hakuionyesha zake. Alichukua za Gesare kabatini kabla ndugu hawajaja kubeba vitu vya marehemu wakavigawe, na hata mtoto wa huko anajua kitu cha marehemu hakichukuliwi kabla hakijagawanywa.

Wiki ya kwanza wanafunzi walichekelea. "Vizuri, mwanangu," programu iliwaandikia, vile vile alivyokuwa akiandika Gesare. Kisha mchana mmoja Damaris akafungua karatasi ya kwanza akakuta sifuri, akafungua ya pili, ya tatu, ya kumi, zote sifuri, na chini ya kila moja, huku ile harufu ikimjaa kooni na kiti kilicho nyuma yake kikilia kama kimekaliwa, maneno yaleyale: Huyu si mwalimu wenu.

"Sylvanus," alimnong'oneza fundi wa kompyuta, "ni wewe unanichezea?"

"Madam, hiyo programu nimeizima tangu asubuhi."

Damaris alibeba zile karatasi thelathini za Gesare mbio hadi Tabaka, kwa mchongaji Onchiri, mume wa marehemu.

"Nguo tuligawa, viatu tukagawa," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu, mbona hukuuliza?"

Wazee wa kanisa waliomba, karatasi zikafukiwa kando ya kaburi, programu ikafutwa. Harufu ikaisha. Muhula huo Damaris alisahihisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akifurahi kuwa hatimaye kazi ni yake.

Fomu za maoni zilipokuja, sifa zilikuwa tele. Alisoma ya kwanza, kisha ya pili, kisha zote, na zote ziliisha kwa maneno yaleyale.

"Asante, Mwalimu Gesare, kwa kurudi."

Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe.