Mgeni Asiyesindikizwa

Bugali wa Béata ulianza kulowa upande mmoja. Jambo hilo lilimuumiza sana, kwa sababu bugali wake ulisifika Kalembe nzima kwa ugumu. Mumewe, Marcellin, alikuwa akisema mapadri wangeuonja mapema wasingehangaika kuchoma matofali ya kanisa. Sasa kila mchana, sahani ya mti ikiwekwa chini, upande wa binti yao Verdiane ulikuwa umevimba maji na unanuka matete yaliyooza. Na Kalembe ni milima mitupu.

"Weye njo unamwanga maji?" Béata alimuuliza mtoto.

"Hapana, Mama. Ni ule mwingine. Mukono yake iko na maji."

Marcellin alicheka, kwa mazoea tu, kama mtu anayepiga chafya. Kisha akakiona kigoda kando ya mtoto. Hakuna aliyekuwa amekikalia, lakini kilikuwa kinadondosha maji.

Verdiane alikula, akatafuna, akameza, na akakonda. Hadi maharage yanavunwa, mikono yake ilikuwa mabua. Katekista, Papa Edmond, aliitwa na maji yake ya baraka. Alinyunyiza pembe zote za nyumba, akakinyunyizia kigoda mara mbili, na kigoda kikazidi kulowa mpaka maji yakamfikia viatuni, ndipo Papa Edmond akakumbuka kwamba ana maziko kule Ntoto.

Wiki hiyo alipita Jean-Bosco, rafiki wa Marcellin tangu shule, akipeleka mbuzi soko la Kitshanga. Aliwakuta wanakula.

"Karibu, kaka, tukule!"

Jean-Bosco hakuvuka kizingiti. Alivuta pumzi kwa pua, na uso wake ukafifia.

"Hii harufu iko kwako tangu lini?"

"Tangu mvua ya kwanza."

"Viateur alikufa na mvua ya kwanza," alinong'ona. "Marcellin, mugeni wake amekuja kwako."

Marcellin akakiweka chini kipande cha bugali. Hakuhitaji kuuliza nani.

Ilikuwa mwaka wa 1949. Wao wawili na Viateur walikuwa vijana wa shule ya misioni, na kila likizo kubwa mwalimu aliwapeleka kambini kando ya ziwa Mokoto. Walijenga vibanda vya matete, wakaogelea mpaka midomo ikawa rangi ya majivu, wakaimba usiku mpaka vyura wakahama. Marcellin ndiye alikuwa mchekeshaji wa kambi. Alijifunga mkeka akahubiri kama padri, na hata mwalimu alijificha nyuma ya kibanda acheke vizuri. Siku zile hawakujua kwamba furaha ina mwisho.

Mchana mmoja ukungu ulifunika maji wakati wanakula. Nyumbani kwao huwezi kuwa unakula, mtu akapita, usimwite. Ni aibu kubwa kuliko kuiba. Basi Marcellin akasimama, akauinamia ukungu kwa heshima zote.

"Karibu, Papa wa mu maji! Toka, tukule! Viateur, mupe mugeni nafasi!"

Viateur akasogea, huku akicheka. Vijana walicheka mpaka maharage yakawatokea puani. Kisha vicheko vikazimika kimoja kimoja, kwa sababu upande wa Viateur bugali ulikuwa unabonyea wenyewe, taratibu, vidole vitano vipana, na ndani ya kila shimo maji meusi yanajaa.

Walikimbia. Hawakumwambia mwalimu. Viateur alirudi Kitshanga na mgeni wake. Hakuoa, hakula tena na watu, na alipokwisha kabisa walisema ni kifua kikuu.

"Viateur alimupa kiti tu," Jean-Bosco alisema. "Weye njo ulimuita."

Jioni hiyo Marcellin alimbeba Verdiane kwa Mama Libérata, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa kilima, mwenye rozari shingoni na dawa za mababu chini ya kitanda. Mama Libérata aliupima mkono wa mtoto kwa vidole viwili, akafunga mlango.

"Huyu hawamufukuzi," alisema polepole. "Haiko mwizi. Ni mugeni. Mulimuita, akakula. Nani alimusindikiza?"

Marcellin akatikisa kichwa.

"Njo vile. Mwenye kuita njo anasindikiza, mupaka kwake. Na mu njia usinyamaze, Papa. Ukinyamaza, atarudia mutoto."

Marcellin aliondoka kulipokucha. Alizungumza na njia tupu, kwanza kwa sauti ya kutetemeka, kisha, maneno yalipomwishia kabla hata hajavuka mto, kwa vichekesho, vyote alivyowahi kuvijua, padri wa mkeka, mama mkwe na jogoo, mlevi aliyeoa mara mbili mke yuleyule, na kila alipokaribia kunyamaza alisikia nyuma yake nyayo za maji zikisita, zikigeukia upande wa nyumbani, naye akapaza sauti zaidi, akicheza, akilia, akijipiga makofi mwenyewe kwenye milima isiyo na mtu, mpaka ziwa likatokea chini yake, jeupe kwa ukungu.

"Kwenda muzuri, Papa," alisema ukingoni. "Umefika kwako."

Matope yalibonyea kando yake, mapana, kama mtu anayekaa kitako. Marcellin akapiga hatua ya kurudi. Nyayo zikamfuata. Akarudi ukingoni, zikarudi. Na pale, karibu na sikio, kwa pumzi ya matete yaliyooza, akasikia kitu ambacho hakikusikika miaka yote ile kwa Viateur: kicheko kidogo cha kushiba. Mgeni alikuwa amempenda.

Akakaa chini. Alipomaliza kulia akaanza kukata matete ya kibanda.

Jean-Bosco ndiye aliyempelekea unga, akiuacha mbali juu ya jiwe, na kurudi kila mara na ujumbe uleule: Béata asije, asimlete mtoto. Lakini mtoto alimlilia baba yake mpaka Béata akashindwa.

Walitokea mchana, Marcellin akiwa ameinamia sahani. Verdiane alikuwa na mashavu. Alikuwa na mashavu! Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, macho kwenye bugali, akingoja aitwe kama alivyofundishwa.

Ng'ambo ya sahani bugali uliacha kubonyea. Huko nako mgeni alikuwa anangoja mtoto aitwe.

Marcellin alijaza mdomo. Alitafuna bila kumeza, akajaza tena, mashavu yakamvimba, machozi yakashuka yakalowesha chakula, naye hakuinua macho wala mkono, mpaka Béata akaelewa, akamgeuza mtoto kwa bega.

"Mama," Verdiane alisema wakipanda kilima, "Papa iko na choyo."

Neno hilo alilisema kwa hasira, kwa sauti nene ya mtoto aliyeshiba, na baba yake alilisikia lote.