Monita ya Kushoto

Ijumaa ile ilianza vizuri tu. Sikujua, jirani yetu pale Kawajense, alifungua steshenari ya mumewe karibu na soko la Mpanda, akafagia mlangoni, akawasha kompyuta, akaagiza chapati mbili na chai ya rangi. Mumewe, Rahim, alikuwa ndani akipanga rimu za karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane, asubuhi ilipita bila Rahim kushika kitambaa chake cha kupangusia, na Sikujua alimtazama kwa jicho la pembeni, roho yake kwatu.

Maana wivu wa mke mwenza aliye hai unavumilika. Mtanuniana, mtasutana, mwisho mtakutana jikoni siku ya msiba na kupatana. Sikujua alikuwa na wivu na maiti. Ummy, mke wa kwanza wa Rahim, alifariki mwaka mmoja kabla Sikujua hajaja kutoka kijijini kwao Mamba kuolewa. Ummy ndiye aliyeianzisha steshenari hiyo. Alitumia monita mbili: ya kulia kwa barua na fomu, ya kushoto kwa kusafisha picha za harusi, kazi iliyompa jina mji mzima. Alipokufa, Rahim hakutaka ile ya kushoto iguswe na mtu. Kila asubuhi aliipangusa mwenyewe, taratibu, kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Sikujua, miaka miwili ndani ya ndoa, hakuwahi kupanguswa hata jasho.

Sasa mwenye wivu huwa tunamwambia ajinyonge. Huyu hakujinyonga. Alhamisi, Rahim alipokwenda msibani Kabungu, Sikujua aliichomoa ile monita, akaitia kwenye kiroba, akaitupa kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba yao. Aliisikia ikipasuka huko chini, akafurahi. Rahim aliporudi akaambiwa wezi wameingia dukani. Mwanamume yule alikaa chini akalia. Hapo Sikujua akamchukia Ummy upya.

Basi, Ijumaa hiyo Rahim alipoondoka kwenda msikitini, Sikujua alifungua barua ya mteja ili aichape. Barua ilichungulia kidogo, ikateleza kushoto, ikapotea. Akafungua nyingine, nayo ikaelekea kulekule. Alipousogeza mshale wa mausi, ukavuka ukingo wa kushoto wa kioo na kubaki nje.

Alimpigia Telesphor, fundi aliyewawekea mfumo wa Linux baada ya flashi za wateja kuwajazia virusi. Telesphor alifika upesi, akafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, akasoma, akakuna kidevu.

"Shemeji, draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, inasema kuna monita mbili."

"Ya pili iko wapi?"

"Mimi ndo nakuuliza. Huku nyuma tundu lake liko tupu."

Telesphor hakushtuka. Draiva mbovu huwa na visa vyake, na yeye alishaona vingi. Akaandika amri ya kuizima ile monita ya pili. Ikazimika, kisha ikajiwasha. Akabadilisha draiva, akaizima mashine na kuiwasha upya. Monita ya pili ikarudi kwenye orodha kama kawaida, na barua zilipofunguliwa tena zikateleza kushoto.

"Tupige picha ya skrini," alisema. "Inachukuaga monita zote, hata hiyo tusoiona. Tutajua vitu vyako vimekwama wapi."

Akabonyeza. Picha ikatokea. Upande wa kulia hapakuwa na kitu ila kile kidirisha cheusi. Upande wa kushoto barua za mteja zilikuwa zimesukumwa pembeni, na katikati ilikuwa imefunguliwa programu ya kusafishia picha. Ndani yake ilikuwapo picha ya harusi ya Sikujua na Rahim. Mkono wa bibi harusi ulikuwa umeondolewa. Mahali pake uliwekwa mkono mwingine, mwembamba, wenye bangili tatu za fedha.

"Nani kafungua hii?" aliuliza Telesphor.

"Sijui. Sio mimi."

"Hizi bangili za Ummy," fundi alinong'ona.

Akapiga picha nyingine ya skrini. Mabega nayo yalikuwa yamebadilishwa.

"Shemeji, usinifiche. Ile monita imeenda wapi?"

Sikujua akamwambia. Telesphor aliusogeza mkono wake mbali na kibodi.

"Mpigie mumeo. Mwambie ukweli sasa hivi, muende kwa mama wa marehemu mkaombe radhi. Uso wako bado upo."

"Nimwombe radhi yeye?" Sikujua aliinuka kwa hasira. "Alimchukua akiwa hai, na kafa bado kamshikilia! Siombi. Huyu ni mume wangu mimi."

Telesphor alichukua begi lake, akaondoka bila kuaga.

Sikujua akabaki peke yake. Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipita. Akapiga picha ya skrini. Kidevu hakikuwa chake. Akapiga tena. Midomo haikuwa yake. Mausi ilikuwa imelala mezani. Hakuna aliyeigusa.

Alifungua kasha la kompyuta. Hakuzima umeme. Akaishika kadi ya picha kwa mikono miwili, akaing'oa.

Mashine ikazimika. Akahamishia waya wa monita kwenye tundu jingine la mashine, akawasha. Ikawaka. Akapiga picha ya skrini. Monita moja tu. Sikujua alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akaifungua ile picha ya harusi ili aifute kabisa.

Rahim alikuwa akitabasamu. Pembeni yake alisimama Ummy, ndani ya gauni la Sikujua. Hapakuwa na alama ya mkato popote. Ilikuwa imehifadhiwa dakika nne zilizopita.

Rahim akaingia na kanzu yake. Sikujua aliruka kukiziba kioo kwa mwili. Lakini Rahim hakukitazama kioo. Alimtazama yeye, kwa macho laini ambayo hakuwahi kumtazama nayo.

"Ummy," aliita. "Mbona umechoka hivyo? Umekula?"

Alipaswa kupiga kelele. Alipaswa kulitaja jina lake mwenyewe. Lakini sauti ile ndiyo aliyoingoja miaka miwili, na ilikuwa tamu.

"Abee," akaitika.

Baada ya muda simu ililia ndani ya mfuko wa gauni lake. Akaitoa. Kwenye kioo cha simu paliandikwa: Mama Mamba. Aliitazama hadi ikanyamaza, akaiweka juu ya kaunta.

"Rahim, kuna mteja kasahau simu."

Imo kwenye droo mpaka leo. Telesphor huisikia ikilia anapopita, na ameapa hataipokea. Huko Mamba mama mmoja bado anapiga.