Fundi Viatu na Ngozi Iliyokataa

Fundi viatu wa mtaa wetu alikiamini kidole chake kuliko brashi. Alikichovya kwenye kopo la gundi, akapaka soli, akapuliza, akabana. Gundi ikimganda mikononi, aliitoa kwa petroli. Ndivyo alivyofanya miaka kumi na miwili, kibandani kwake ubavuni mwa nyumba.

Kisha vidole vikaanza kumwasha. Vikapasuka, vikatoa maji. Kope nazo zikavimba. Akalaumu sabuni ya mkewe. Wakabadilisha sabuni mara tatu, kazi bure.

Akaenda peke yake kumjulia hali mama mkwe, akakaa wiki mbili. Akarudi na mikono safi. Siku ya tatu kazini, muwasho huo tena.

"Mama watoto, usikasirike," alisema. "Nadhani ngozi yangu inakukataa wewe."

Mkewe aliacha kukunja nguo. "Inanikataa mimi?"

"Si mimi ninayesema. Ni ngozi."

Usiku huo fundi alilala sebuleni, kwenye godoro la wageni. Asubuhi mkewe akatoa begi, akaanza kupanga nguo. Aliumia kweli, na mimi simlaumu.

Wakati huohuo muuguzi jirani alifika kibandani na kiatu kilichobanduka soli. Akaiona ile mikono. Fundi akamweleza yote. Muuguzi alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Kwa mama mkwe ulibandika viatu vingapi?"

"Hata kimoja. Ukweni mimi ni mgeni, dada. Nilikula na kulala tu."

"Basi kinachokukataa ni hilo kopo."

"Mbona nimeshika gundi miaka yote hii?"

"Mwili huvumilia miaka, kisha siku moja unasema basi. Huo ni mzio. Ukishaanza, hata gundi kidogo inatosha. Na petroli inakuchubua, gundi inazidi kupenya. Ukijigusa macho, kope zinavimba."

Akamwagiza apake kwa brashi, afungue dirisha, anawe kwa maji na sabuni laini. Avae glavu za kuzuia kemikali, si zile nyembamba za hospitali. Tena aende zahanati akapimwe, na daktari akisema aache gundi ile, aiache.

Fundi alikimbilia ndani, akamsihi mkewe asiondoke.

"Nitabaki," mkewe alijibu. "Na wewe utabaki sebuleni."

Fundi alitumia dawa ya zahanati na kubadilisha gundi. Baada ya wiki sita mikono ilikuwa imepona. Akabeba godoro, akagonga mlango wa chumbani.

"Mama watoto, ngozi yangu imekukubali."

"Yangu bado inafikiria. Omba msamaha kwanza."

Aliomba, tena kwa sauti, hata majirani wakasikia. Mlango ukafunguliwa.

"Hilo godoro lirudishe sebuleni," mkewe alisema. "Ni la wageni."